Slava Haina Mwaliko

Knjaževac, 4 Septemba 2025

Desa mdogo wangu,

Pokea salamu za nyumbani. Mimi mzima, wifi yako Kosara mzima isipokuwa mgongo, na wasiwasi wetu uko kwenye goti lako. Pilipili hoho mwaka huu zimeiva nyekundu sana. Tumechoma magunia kwa magunia mpaka mtaa mzima unakohoa. Jirani anasema zake ni kubwa kuliko zangu. Nimekwenda kuziona. Si kubwa.

Usinianze tena na habari ya simu. Simu mimi naisikia kama nyuki ndani ya debe. Tanuri la chuma kiwandani limeshayala masikio yangu. Mwandiko wangu unaujua, herufi nene kama ng'ombe, lakini ng'ombe wangu wanafika wanakokwenda.

Sasa sikia. Kiwandani wametuletea mafunzo. Siyo ya kusubu chuma, kukiyeyusha na kukimimina, maana ya kusubu ningewafundisha mimi. Yanaitwa mafunzo ya ustawi wa mtu na familia yake. Kila Jumatano baada ya zamu tunakaa kantini, wanaume wazima wenye masizi mpaka puani, na mkufunzi ni binti mmoja anaitwa Tijana, mwembamba, sauti ndogo. Nilisema sihudhurii. Wakasema asiyehudhuria atafagia ghala la mchanga. Nikahudhuria, lakini nilikaa nyuma na mikono nimeikunja, ili ajue.

Akatuambia tuchore meza ya nyumbani na nani anakaa wapi. Mimi nilichora vizuri kuliko wote, hata miguu ya meza ilionekana. Akaja, akaweka kidole.

"Mzee Radojko, hiki kiti hakina mtu. Ni cha nani?"

"Cha koti langu."

Watu wakacheka mpaka vikombe vikatingishika. Milun peke yake hakucheka, ninayefanya naye kazi tanuri moja. Milun anajua mambo yangu mengi mno.

Basi Tijana akasema kabla mafunzo hayajaisha, kila mmoja wetu amwalike nyumbani mtu ambaye hajakaa naye siku nyingi. Nikamwambia, binti, kwangu wageni huja siku ya slava tu, tarehe kumi na sita Novemba, siku ya mtakatifu wa nyumba yetu. Na slava haina mwaliko. Anayekumbuka anakuja, anayesahau basi. Babu hakualika, baba hakualika, na mimi sitakuwa wa kwanza kualika.

Nitakukumbusha, maana nyinyi wa mjini mnasahau. Miaka mitatu iliyopita, siku ya slava, mbele ya wageni, Nenad mwanangu wa pekee alisimama akasema anaacha kiwanda. Kiwanda nilichomwingiza mimi, kwa heshima yangu. Anakwenda Novi Sad kufundisha chekechea. Jitu la mabega yale, kufuta watoto kamasi. Nilimwambia asikanyage kwangu mpaka nimwite mwenyewe kwa mdomo wangu. Neno langu nimelitoa. Na mila ya slava inasema hakuna kuita. Kwa hiyo hata ningetaka, na sitaki, haiwezekani. Kesi imefungwa.

Usinitajie habari zake. Ila nauliza kwa ujumla tu, huko Novi Sad baridi huanza mapema? Watu kwa ujumla wana viatu vya maana?

Kaka yako,
Radojko

*

Novi Sad, 21 Septemba

Kaka,

Nashukuru kwa salamu na kwa ng'ombe wako, wote wamefika, mmoja amechechemea tu kwenye neno "ustawi". Goti langu ni lile lile. Madaktari wamekubali kulipasua, wananipangia siku. Hapa mjane ni mjane, nazungumza na paka, naye ana tabia zako. Ananisikiliza akiona samaki.

Umenikataza kumtaja mtu, basi simtaji. Huyo mtu nisiyemtaja alinibebea magunia mawili ya pilipili mpaka juu kwangu bila kupumzika. Viatu anavyo. Mke wa huyo mtu, Sanja, ambaye pia simtaji, alinitengenezea supu. Kwa ujumla watu wa Novi Sad wanaendelea vizuri.

Kaka, wewe na hayo makufuli yako. Mlango mmoja umeufunga kwa neno lako, wa pili umeufunga kwa mila, halafu umesimama katikati unajisifu kwamba hakuna upepo. Hebu niambie jambo moja. Slava hutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Mimi ni mwanamke, niliolewa, nikaingia slava ya marehemu mume wangu. Ya nyumba yetu iko mikononi mwako. Siku ukiondoka wewe, mshumaa wa baba yetu utawashwa na nani? Koti lako?

Mkufunzi wenu mpe salamu zangu. Mwambie kama anakuweza wewe, atamweza na paka.

Dada yako,
Desanka

*

Knjaževac, 9 Oktoba

Desa,

Salamu. Plamu tumeshachachua, mtambo wa rakija, pombe yetu, umeanza kazi. Ya mwaka huu ni kali na safi, aliyeonja alinyamaza kwanza, ndipo akanisifu. Kosara anakusalimu.

Ile habari ya koti sikuipenda, kwa hiyo siijibu.

Nakuandikia ushindi. Jana kwenye mafunzo tulikaa wawili wawili. Mmoja anaongea, mwingine anasikiliza tu, hata "mhm" hairuhusiwi. Mimi na Milun. Wenzangu wakaanza kunitania, wakasema Radojko akinyamaza tanuri litazimika. Nikawaonyesha. Nilinyamaza kama chuma kilichopoa.

Milun akaongea. Unajua, Desa, tangu mkewe afariki, kila jioni anakula amesimama jikoni, moja kwa moja kwenye sufuria, kwa sababu akikaa mezani anasikia saa ya ukutani. Mimi nilikuwa sijui. Zamu yangu ya kuongea ilipofika nikamuuliza, mbona hukuniambia?

"Uliniuliza lini?"

"Pale pana kelele, Milun. Tanuri."

"Na kwenye basi je? Tunarudi pamoja kila siku. Kwenye basi kelele ni wewe."

Tijana alisema nimenyamaza vizuri kuliko wote. Yaani kwangu alisema "vizuri sana, mzee", wengine aliwaambia "sawa". Tofauti unaiona mwenyewe.

Akatuambia tukafanye vile vile na wake zetu. Nikafika, nikavua viatu, nikamwambia Kosara, ongea, mimi nimenyamaza. Akafikiri nimeugua. Kisha akaongea. Maharage yalipoa, yakaganda juu, akaendelea kuongea. Aliyoyasema hayaandikwi. Nilishika uma tu.

Siku hizi Milun anakula kwetu jioni. Kosara alimletea kiti kutoka chumbani. Kile kingine pale mezani hakukigusa.

Lakini usidhani nimelegea. Neno ni neno.

Radojko

*

Novi Sad, 27 Oktoba

Kaka mpendwa,

Nisamehe kuchelewa. Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana. Nawapa pole ya mgongo wa Kosara, na hongera ya rakija. Siku yangu ya hospitali wameniambia, tarehe kumi na nne Novemba. Nitalala huko wiki nzima.

Sasa kaa. Kama umekaa, shika kitu.

Sanja ni mjamzito, atajifungua Januari. Na Nenad (namtaja, nimechoka kuzunguka) amesema mtoto wake hatazaliwa kwenye nyumba isiyo na mtakatifu. Tarehe kumi na sita atawasha mshumaa nyumbani kwake. Amenunua picha ya mtakatifu, amekuja kwangu nimwonyeshe jinsi ya kukanda mkate wa slava. Unga ulimfika mpaka kwenye nyusi.

Nilimwambia, Nenad, baba yako yu hai, slava haijatoka mikononi mwake, atakasirika mpaka vigae vipasuke. Akasema, "Shangazi, najua. Ningempelekea maombi kwa magoti. Lakini alisema nisikanyage mpaka aniite, na mimi pia ni mtoto wake. Neno lake nalishika kama yeye anavyolishika."

Ndiyo hivyo. Mko wawili, tena mmefanana mpaka inachosha. Alinikataza nisikuambie. Nimekuambia. Kasirika.

Desa

*

Knjaževac, 3 Novemba

Desanka,

Salamu.

Mtoto hawashi mshumaa wa slava baba yake akiwa hai, mpaka baba amkatie nusu ya mkate kwa mkono wake aende nao kwake. Hivyo ndivyo ilivyo tangu mlima wetu uwepo. Mimi sijakata mkate. Mimi si marehemu. Nanyanyua gunia la mchanga kuliko vijana wa zamu ya asubuhi, waulize. Mshumaa wake huo ni wizi, na wewe umemkandia unga.

Sina zaidi.

Kosara amelia, halafu amecheka, halafu amelia. Januari kuna baridi, mwambie huyo Sanja asifunguefungue madirisha.

Radojko

Nakuuliza, wanakaa ghorofa ya ngapi? Nauliza tu. Kama nitataka kupeleka malalamiko, nijue.

*

Novi Sad, 7 Novemba

Kaka,

Salamu. Ghorofa ya tano. Lifti haifanyi kazi.

Desa

*

Knjaževac, 19 Novemba

Desa, mdogo wangu, mgonjwa wangu,

Natumaini goti limetulia na chakula cha hospitali hakijakumaliza. Kosara amekutumia chupa ya supu kwa mkono wa mtu, usiwape manesi. Najua ulikuwa kitandani hukuona lolote, na ukisikia kwa Nenad atapunguza, kwa hiyo soma kwangu, mimi ndiye niliyefanya mambo.

Jumatano kabla ya slava tulikuwa kantini. Tijana akauliza kila mmoja amemwalika nani. Huyu kamwalika shemeji yake, yule kamwalika mke wake wa zamani na wakagombana tena lakini kwa ustaarabu. Zamu yangu ikafika. Nilikuwa nimejaa, Desa. Nikasimama nikawaeleza wote, neno langu, mila yetu, na sasa huyu kijana anawasha mshumaa wa wizi huko ghorofani. Wanaume wakagawanyika. Nusu wakasema ni dharau, nusu wakasema mzee wewe ni nyumbu. Kelele ikawa kama ndani ya karakana.

Tijana akasubiri. Kisha na kile kisauti chake akauliza, "Na yeye Nenad, mzee, amewaalika akina nani?"

Nikamwambia, "Binti, umezaliwa wapi wewe? Hakualika mtu. Slava haina mwaliko. Anayekuja anakuja, mwenye nyumba hawezi kumfungia mtu mlango siku hiyo, hata awe nani."

Milun akaweka kijiko chini, polepole.

Nilikaa. Wakasema Tijana ndiye aliyenifungua macho. Si kweli, usikubali. Yeye aliuliza tu. Jibu lilikuwa langu, nililitoa mwenyewe, kwa mdomo wangu, na lilikuwa jibu zuri.

Jumamosi nikatundika ubao kwenye geti langu. "Mwaka huu slava ya nyumba hii iko Novi Sad, ghorofa ya tano, lifti mbovu." Kosara akasema, Radojko, huo ni mwaliko. Nikamwambia huo si mwaliko, hiyo ni anwani.

Jumapili mapema padri akabariki mkate. Kosara aliukanda siku nzima, umesukwa pembeni kama nywele za bibi harusi, mzito kama tofali. Tukatoka kanisani, na nje limesimama basi dogo la kiwanda. Milun ameshika usukani, amevaa tai. Ndani wanaume wa Jumatano, wamenyoa, wamebeba nyama ya kuchoma, masufuria ya kabichi zilizojazwa nyama, na chupa ambazo sikuzihesabu. Tijana naye yumo, katikati yao, anaonekana kofia tu.

"Basi mmelipataje?"

"Meneja katoa," Milun akasema. "Tumemwambia ni mazoezi ya mafunzo."

Desa, tulikwenda njia nzima tukiimba, na sauti yangu ndiyo iliyosikika.

Zile ngazi. Walinipita wote, wakanisubiri juu, lakini nilisimama mara chache tu, na ilikuwa kumsubiri Kosara. Kosara alikuwa mbele yangu.

Nikabisha. Akafungua. Amenenepa kidogo, ana ndevu, shati jeupe, na kwenye shati kuna rangi ya kijani ya vidole vya mtoto ambayo haitoki. Akanitazama mimi, akamtazama mama yake, akatazama jeshi lililojaa kwenye ngazi.

"Baba. Sikukuambia uje."

"Na mimi sijakuita kwangu. Mpaka sasa hivi sijakuita. Hapa ni kwenye slava, na slava haina mwaliko. Una la kusema?"

Akafikiri. Namjua anavyofikiri, anang'ata mdomo upande mmoja, kama mimi.

"Sina."

"Basi sogea, mama yako amebeba tofali."

Sanja alikuwa amekaa, tumbo liko mbele kama ngoma. Akataka kuinuka, nikamkataza, nikambusu mara tatu. Mezani pana mkate wake Nenad, Desa, ule mliokanda wewe na yeye. Umelala upande. Sikusema kitu. Mambo ya kunyamaza nimefuzu. Niliweka wetu kando yake, nikakata nusu kwa mkono wangu, nikampa mbele ya watu wote.

"Slava ni yako," nikamwambia. "Siyo kwamba nimezeeka. Nimekupa tu."

Akaupokea kwa mikono miwili. Akaubusu mkate, kisha akanibusu mkono, na akaushikilia muda mrefu kuliko desturi. Kosara aligeuka akawa anatazama dirisha. Hakuna kitu nje ya dirisha lile, ni ukuta.

Sasa viti. Hakuwa na viti vya watu wote, akashuka chekechea, iko ng'ambo ya barabara, akarudi na rundo la viti vya watoto. Ungewaona wanaume wa tanuri, magoti yamefika masikioni. Na kelele yetu unaijua, kila mtu anaongea kwa nguvu maana hakuna anayesikia. Nenad alitaka kusoma sala. Nikajiandaa kuwafokea, ndiyo kazi yangu. Hakusubiri. Akainua mkono mmoja, akapiga makofi mara mbili, taratibu, na wote wakanyamaza. Majitu yale, Desa. Milun hata alikunja mikono juu ya mapaja. Nimewafokea watu hao maisha yangu yote na sijawahi kupata ukimya wa namna ile. Ni damu yetu, amenirithi, hilo kila mtu alilisema au angelisema.

Baada ya sala nikachukua chupa nianze kumimina. Akaichukua chupa mkononi mwangu.

"Mwenye slava hakai, baba, na mgeni hasimami. Kaa."

"Nikae wapi?"

"Popote. Ila kaa."

Tangu baba yetu afe sijawahi kukaa siku ya slava, nimekuwa wa kusimama na kuhudumia. Nilikaa. Kiti kilikuwa cha mtoto, kina picha ya bata. Nilikula, nikaletewa, nikamiminiwa. Milun aliketi upande wangu mezani, anatafuna, na sikuongea mpaka alipomaliza hadithi yake yote. Hata Tijana alicheza ngoma yetu ya duara sebuleni, na mpangaji wa chini akapanda kulalamika, akapewa sahani, akabaki.

Jioni tukashuka. Nilipofika chini kabisa nikasimama. Nenad alikuwa bado juu kwenye ukingo wa ngazi, anatupungia mkono. Nikaita, na sauti yangu ikapanda ghorofa zote, milango ikafunguliwa.

"Nenad! Jumapili uje nyumbani! Paa linavuja!"

Kisha kutoka juu kabisa, "Nitakuja, baba!"

Kosara akasema, mbele ya Tijana na wanaume wote, "Radojko, paa letu halivuji." Ni kweli, halivuji, nililijenga mimi, hakuna paa kama lile Knjaževac nzima.

Kwa hiyo barua hii naikatisha hapa. Ngazi nimeshaiegemeza ukutani, vigae vitatu nimeshavitoa, na kabla ya Jumapili nataka angalau sebule ilowe kidogo.

Kaka yako, mwenye afya na mwenye kiwiko cheusi kwa kugonga vigae,
Radojko